Siku za Mwisho, Israeli na Mimbari za Isiolo: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Maagizo haya yanawahusu wahubiri wanaosimama mbele ya watu mjini Isiolo, wawe wenyeji au wageni walioletwa kwa krusedi ya siku tatu, pamoja na wazee wa kanisa wanaowapa kipaza sauti. Hatubishani hapa kama Yesu atarudi. Makanisa yetu yanaungama hivyo, na Waislamu tunaoishi nao wanamngoja Isa kwa namna yao. Kinachotuhusu ni jinsi fundisho hilo linavyotumika katika mji ambapo spika ya kanisa inasikika msikitini na ya msikiti inasikika kanisani.

Usitaje tarehe.

Mathayo 24:36 ilishalifunga jambo hili: siku yenyewe hata malaika hawaijui. Waliolifungua waliumbuka, na wengine wakaua. Wafuasi wa William Miller huko Marekani walikesha wakimngoja Bwana usiku wa 22 Oktoba 1844 hadi kukapambazuka. Kundi la House of Yahweh la Texas lilitangaza kwamba vita vya nyuklia vingeanza 12 Septemba 2006, na wafuasi wake hapa Kenya wakajichimbia mahandaki. Kanungu, Uganda, watu waliahidiwa kwamba dunia ingekwisha pamoja na mwaka 1999. Haikwisha, na tarehe 17 Machi 2000 mamia wakateketea ndani ya jengo la ibada. Septemba 2025 mhubiri wa Afrika Kusini alienea mitandaoni akisema unyakuo ungekuwa tarehe 23 au 24 ya mwezi huo. Tarehe 25 watu waliamka, wakaenda sokoni.

Wala usitaje tarehe kwa mafumbo. Hal Lindsey, Mmarekani, aliandika mwaka 1970 kwamba taifa la Israeli kuzaliwa mwaka 1948 ndiyo ishara, na kwamba kizazi ni kama miaka arobaini. Msomaji yeyote anajua kujumlisha: 1988. Mwaka ule ulipita bila unyakuo. Lililotokea kwetu mwezi Desemba ni kwamba Kenya na Israeli zilirudisha uhusiano wa kibalozi uliovunjika mwaka 1973, jambo ambalo halimo katika kitabu cha Danieli. Kwa hiyo ukisema "sitaji siku, lakini kizazi hiki hakitapita" huku umeinua vidole vinne, umeshataja.

Usimzuie mtu kula, kufanya kazi, kwenda hospitali wala kumpeleka mtoto shule kwa kuwa mwisho umekaribia.

Hapa hakuna mjadala wa theolojia. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mingi ikiwa ya watoto. Kesi ya mhubiri wa huko, Paul Mackenzie, iko mahakamani na mahakama itasema lake, lakini makaburi hayasubiri hukumu ili yaitwe makaburi. Mtume Paulo alikutana na watu wa aina hii Thesalonike, waliosikia Bwana yu karibu wakaacha kazi. Aliwaandikia warudi kazini, na asiyetaka kufanya kazi asile. Hakuwaambia wasile ili wawahi kuondoka.

Mtu wa Ngaremara akikujia akasema anauza mbuzi wake wote kwa sababu ya mahubiri yako ya jana, umeshindwa kuhubiri. Nenda naye nyumbani kwake, ukae na mkewe, uyafute maneno yako mbele ya watoto.

Usiite kitambulisho alama ya mnyama.

Mwaka 2019 ilikuwa Huduma Namba, ikafuata chanjo ya korona, kisha Maisha Namba. Kila serikali inapoleta kadi mpya, yuko mhubiri anayefungua Ufunuo 13. Mackenzie ni mmoja wa waliohubiri kwamba Huduma Namba ni ya shetani, na wafuasi wake walifundishwa kujitenga na hati za serikali muda mrefu kabla ya kufundishwa kujitenga na chakula.

Kusema hivyo popote Kenya ni upuuzi. Kusema hivyo Isiolo ni ukatili. Kwa miaka mingi kijana Msomali au Mborana wa kaskazini alipotaka kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati ya kumhoji, athibitishe babu yake alizaliwa wapi, huku mwenzake wa Nyeri akienda ofisini na cheti cha kuzaliwa tu. Agizo la kuuondoa mchujo huo lilitangazwa na Rais mwezi Februari 2025 tu. Watu wamelala kwenye foleni kutafuta kadi ile. Bila kadi huna kazi, huna laini ya simu, na barabara ya Moyale ina vizuizi vya polisi. Una swali kuhusu siri za data za raia? Lipeleke mahakamani, kama walivyofanya waliopinga Huduma Namba na kupata hukumu ya Mahakama Kuu mwezi Januari 2020. Hiyo ni hoja ya raia. Usiivike pembe.

Eleza chanzo cha msiba kabla ya kuuita ishara.

Nzige walipofunika Isiolo, Samburu na Marsabit mwanzoni mwa 2020, Yoeli na Ufunuo 9 vilihubiriwa kila kona. Wachache walisimulia kwamba mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu na Luban, vilimwaga mvua katika jangwa la Arabuni, nzige wakazaliana mahali pasipo na mtu wa kuwapulizia dawa, na vita vya Yemen vikazuia kazi ya kuwadhibiti. Baada ya nzige misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa nchini, kisha mwishoni mwa 2023 mafuriko yakaja. Mungu ni Bwana wa hayo yote, sikatai. Lakini mfugaji wa Merti anayeambiwa kwamba ukame ni muhuri wa sita hana la kufanya ila kungoja. Akiambiwa kwamba utabiri wa mvua unapatikana miezi kabla, anaweza kuuza ng'ombe wachache wangali na nyama. Mhubiri atakayemficha la pili ili la kwanza livume, damu ya mifugo hiyo iko mikononi mwake.

Jua fundisho lako lina umri gani.

Ukisimama kusema kwamba kanisa litanyakuliwa kwa siri, kisha miaka saba ya dhiki kuu, kisha Yesu atawale Yerusalemu miaka elfu huku Israeli ikirudishiwa hekalu, unafundisha jambo ambalo Wakristo wengi wa kweli wameliamini. Sema pia kwamba mpangilio huo ulitengenezwa na mhubiri John Nelson Darby miaka ya 1830, ukasambazwa duniani na Biblia ya maelezo ya Scofield iliyotoka mwaka 1909. Maelezo ya Scofield yalichapwa chini ya mafungu, katika ukurasa uleule, na wasomaji wengi wakakosa kutofautisha alichosema Ezekieli na alichosema wakili huyo wa Kansas. Ndipo wamisionari wakaja nayo, kisha riwaya na filamu, kisha video za simu.

Kabla ya Darby kulikuwa na wengine. Baadhi ya mababa wa karne ya pili, Ireneo akiwemo, waliutazamia utawala wa miaka elfu duniani, ila hawakujua unyakuo wa siri. Agostino, Mwafrika wa Hippo katika Algeria ya leo, alifundisha mwanzoni mwa karne ya tano kwamba miaka elfu ya Ufunuo 20 ni wakati huu wa kanisa. Wakatoliki, Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti kwa sehemu kubwa wamemfuata. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, aya ya 676, inakataa hata miaka elfu ile iliyolainishwa. Msabato naye atakuambia miaka elfu itakuwa mbinguni, dunia ikiwa tupu.

Maneno yangu mwenyewe, mtu asije akadhani najificha: Agostino ananishawishi kuliko Scofield. Lakini sitamtoa kanisani mtu anayengoja unyakuo, na yeye asinitoe. Mwiko ni kumwambia mshirika wa Kipentekoste kwamba shangazi yake Mkatoliki amepotea kwa sababu hajui mpangilio wa miaka saba.

Tofautisha Israeli unayemtaja.

Wako angalau wanne, na mahubiri mengi yanaruka kutoka mmoja hadi mwingine katika sentensi moja. Yuko Yakobo na kabila zake kumi na mbili. Wako Wayahudi, watu wanaoishi Haifa, New York na Nairobi pia, wenye maoni yao na ugomvi wao. Iko dola iliyotangazwa 14 Mei 1948, yenye raia karibu milioni kumi, takribani mmoja kati ya watano akiwa Mwarabu. Na iko serikali, yenye waziri mkuu na wabunge, inayopigiwa kura na kuangushwa. Ahadi ya Mwanzo 12:3 alipewa Abrahamu. Paulo katika Wagalatia 3 anaipitisha kwa Kristo hadi kwa wote walio wake. Ukitaka kuifikisha hadi kwenye baraza la mawaziri, utuonyeshe fungu.

Manabii wenyewe hawakuwa na heshima hiyo kwa serikali. Eliya alimkabili Ahabu, Yeremia alitupwa shimoni, na Amosi aliambiwa akale mkate wake kwingine. Mkristo anayesema kuikosoa serikali ya Israeli ni kujilaani, angewaweka manabii wote chini ya laana.

Usimwite jirani yako Gogu.

Hili ndilo linaloweza kuuchoma mji, kwa hiyo lisomwe polepole. Ezekieli 38 inataja jeshi la Gogu na washirika wake: Uajemi, Kushi, Puti na wengine. Wahubiri wa video wana ramani tayari: Urusi, Iran, Sudan, Libya, ulimwengu wa Kiislamu kwa jumla. Sasa lete ramani hiyo Isiolo. Lugha za Waborana, Warendille na Wasomali zinaitwa za Kikushi katika vitabu vya shule. Mtoto wa darasa la saba atakayesikia mahubiri yako hahitaji msaada wako kuunganisha. Atatoka kanisani akijua kwamba anayekaa naye dawati moja ni jeshi la Gogu.

Kushi ya Biblia ni nchi iliyo kando ya Mto Naili, kusini mwa Misri. Wasomali wa koo za Isaaq na Harti waliopewa makao Isiolo na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakutoka katika Ezekieli. Na kama ni lazima Mkushi ahubiriwe, mahubiri yamhusu yule afisa wa Matendo 8 aliyebatizwa kando ya njia kabla ya Kornelio Mrumi. Yahusu pia Amosi 9:7, ambapo Mungu anawauliza Waisraeli kama kwake wao si sawa na Wakushi, kisha anasema kwamba hata Wafilisti ni yeye aliyewahamisha. Fungu hilo sijalisikia katika krusedi hata moja. Yeyote anayetaka kuhubiri Israeli Isiolo aanzie hapo.

Wala usijifiche nyuma ya Garissa. Watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha pale 2 Aprili 2015, wengi wao wakichaguliwa kwa dini yao, na hofu ya Mkristo wa kaskazini ni ya haki. Waliofanya hivyo walikuwa al-Shabaab. Mama anayekuuzia maziwa ya ngamia asubuhi hakuwa pamoja nao. Isiolo ilishachinjana kwa ukabila mwaka 2011 na 2012, Waturkana kwa Waborana na Wasomali, kwa sababu ya malisho, ardhi na kura. Ugomvi ule ulikuwa na mwisho, kwa sababu malisho hugawanywa na wazee hukaa chini ya mti. Ukiugeuza kuwa vita vya Ezekieli, hakuna mzee atakayeweza kuupatanisha.

Usiwadharau Wayahudi.

Wapo wanaokwepa kosa la kuiabudu dola wakaangukia lingine baya zaidi: Mungu aliwatupa Wayahudi, kanisa limeketi kitini mwao, basi yaliyowapata ni haki yao. Paulo anaikataa hoja hiyo katika Warumi 11, na kuwaonya watu wa mataifa wasijisifu juu ya matawi ya asili. Kanisa halikumsikia. Martin Luther aliandika mwaka 1543 kitabu cha kuwatukana Wayahudi na kutaka masinagogi yachomwe, na miaka mia nne baadaye Wanazi walikinukuu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifika tarehe 28 Oktoba 1965 ndipo ukatamka katika hati ya Nostra Aetate kwamba Wayahudi wasisemwe kuwa wamekataliwa au kulaaniwa.

Historia hiyo imegusa ardhi yetu. Wayahudi walipouawa Kishinev wakati wa Pasaka ya mwaka 1903, Uingereza iliwapa Wazayuni nafasi ya kuhamia nyanda za Uasin Gishu. Waziri Mkuu wa London wakati huo alikuwa Arthur Balfour, yuleyule ambaye mwaka 1917 aliandika barua ya kuwaahidi makao Palestina. Mara zote mbili hakuwauliza wenye nchi. Mkutano wa Wazayuni uliikataa Uasin Gishu mwaka 1905. Wahubiri wa kwetu wanaofundisha kwamba ramani ya 1948 ilichorwa tangu milele wawaeleze watu wa Eldoret sehemu hii nayo.

Ombea walio hai pande zote, kwa majina ya mahali.

Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas iliua watu kama 1,200 nchini Israeli na kuteka kama 250. Vita vilivyofuata vimeua zaidi ya 60,000 Gaza kwa hesabu ya wizara ya afya ya huko. Anayelia kwa moja na kucheka kwa lingine asiongoze maombi.

Na usisahau kwamba kuna kanisa Palestina tangu siku ya Pentekoste. Wakristo wa Gaza walikuwa kama elfu moja vita vilipoanza. Kanisa la Waorthodoksi la Mtakatifu Porfirio lilipigwa 19 Oktoba 2023, waliojihifadhi humo wakafa. Kanisa Katoliki la Familia Takatifu, ambalo Papa Fransisko alilipigia simu karibu kila jioni, lilipigwa 17 Julai 2025, watatu wakafa. Viongozi wa makanisa ya Yerusalemu walitia saini tamko mwaka 2006 kuyakataa mafundisho ya Uzayuni wa Kikristo. Unaweza kuwapinga. Lakini kuhubiri saa nzima juu ya Yerusalemu bila kujua kwamba kuna maaskofu Yerusalemu ni uvivu.

Usiuze Yerusalemu.

Mafuta ya upako, maji ya Yordani kwenye chupa, udongo, baragumu za pembe, bahasha ya "kubariki Israeli ili ubarikiwe". Pato la mtu mmoja Israeli kwa mwaka lapita dola 50,000; la Mkenya ni kama 2,000. Mjane anayechoma makaa Oldonyiro hana deni huko. Anayetaka kwenda kuhiji aende kwa fedha zake, arudi salama, asirudi na bei.

Ondoa bendera mimbarini.

Bendera yoyote ya nchi ya kigeni, ya Israeli au ya Palestina. Kanisa si ubalozi. Ukumbuke pia kwamba watu wameuawa Kenya kwa ajili ya ugomvi huo: hoteli ya Norfolk mwaka 1980, hoteli ya Kikambala mwaka 2002, ambako kumi kati ya waliouawa walikuwa Wakenya na watatu Waisraeli.

Zima spika za nje unapofundisha Ufunuo.

Injili ihubiriwe uwanjani, Katiba inaruhusu. Pembe saba, mnyama na Har-Magedoni ni mafundisho ya darasani, yenye Biblia mkononi na nafasi ya kuuliza maswali. Adhana ikianza, nyamaza. Dakika chache hazitamchelewesha Bwana. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, zipo tangu 2009 na zinawahusu wote.

Wazee wa kanisa: mwulizeni mgeni kabla hajapanda.

Maswali ni matatu, na yaulizwe mezani kabla ya chai. Je, utataja mwaka? Je, utaomba sadaka kwa jina la Israeli? Maneno utakayosema kuhusu Waislamu, uko tayari kuyasema jioni ukiwa umeketi na imamu? Akisita katika moja, mpeni nauli ya kurudi Nairobi na mumshukuru kwa kuja. Ibada ya Jumapili iongozwe na katekista wenu.